Video si kesi, kesi iko kwenye daftari

Jana usiku nimeamka saa nane kuangalia simu, nilikuwa nangoja ujumbe wa familia fulani, nikakuta komenti chini ya video ya kijana aliyepigwa risasi na polisi: "Ushahidi si huu hapa, kila mtu ameona, wanaharakati mnangoja nini, ama mshapewa kitu kidogo?" Laiki mia kadhaa. Hiyo ni mara ya tatu mwezi huu, na kila mara nimenyamaza, juu mtu akiwa na hasira ya mtoto wa mwenzake kuuawa huwezi kumjibu kwa vifungu vya sheria. Leo najibu. Mimi hufanya kazi ya kudokumenti kwenye kituo cha haki cha mtaani hapa Nairobi, kazi yangu ni kufika, kuandika, kutafuta mashahidi, kukaa na familia mochari, halafu kufuatilia faili miaka na miaka, na nimechoka kusikia ati video iko kwa hivyo kesi iko.

Wacha kwanza niseme kile video inaweza, nisionekane naidharau. Video inaua uongo. Taarifa ikitoka kwamba marehemu alikuwa na bastola na aliwafyatulia maafisa nao wakajibu, na video inaonyesha kijana amelala kifudifudi mikono nyuma, hiyo taarifa imekufa hapo hapo na hakuna msemaji wa kuifufua. Zamani hatukuwa na hicho kitu. Mama alikuwa anaambiwa mtoto wake ni jambazi, gazeti linaandika jambazi, jirani wanaanza kuamini, na anazikwa na hilo jina. Kwa hivyo anayetoa simu na kurekodi wakati wengine wanakimbia, huyo namheshimu na nitamheshimu siku zote.

Lakini kortini hakuna atakayeuliza kama uliumia moyo ulipoangalia. Wataulizwa watu nani amekufa, amekufa kwa nini hasa, nani alifyatua, na huyo aliyefyatua alikuwa na sababu inayokubalika kisheria ama hakuwa nayo. Angalia video yoyote unayoijua wewe halafu ujibu hayo maswali manne kwa kutumia hiyo video peke yake. Mara nyingi unapata jibu moja na nusu. Unaona mtu anaanguka. Huoni risasi ilimwingia wapi na kutokea wapi, hujui kama aliyefyatua ndiye huyo mwenye jaketi nyeusi ama ni mwenzake aliyekuwa nyuma ya kamera, hujui namba yake ya kazi, hujui ni wa stesheni gani, na mara nyingi hujui hata jina la marehemu mpaka mtu wa familia ajitokeze.

Sasa tuingie kwa hii ya WhatsApp, kwa sababu hapa ndipo damu yangu huchemka.

Video ikitoka kwa simu iliyorekodi inakuwa na mambo yake ndani: saa, tarehe, aina ya simu, wakati mwingine hata mahali. Ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa, picha inapungua ubora, na hizo habari za ndani nyingi zinapotea. Ukifowadi kwa grupu la pili, hilo grupu likafowadi kwa la tatu, mtu mmoja huko katikati akakata sekunde za mwanzo kwa sababu "hazina kitu", mwingine akaweka wimbo wa huzuni juu yake, mwingine akaandika RIP kwa maandishi mekundu yaliyofunika namba ya gari, kile kinachonifikia mimi siku ya pili ni kivuli cha kivuli. Na hizo sekunde za mwanzo zilizokatwa ndizo wakili wa utetezi atakazozililia kortini mwaka wa tano: kabla ya hapa kulitokea nini? Nani alikuwa ameshika nini? Mbona imekatwa, mnaficha nini? Na hapo mlio wa risasi umefunikwa na kinanda, kwa hivyo hata kuhesabu ni ngapi zililia hatuwezi. Umeshika kitu ambacho kingeweza kumfunga mtu, ukakipamba mpaka kikafa.

Sheria yenyewe haikatai video. Kifungu 78A cha Sheria ya Ushahidi, kilichoingizwa 2014, kinakubali ushahidi wa kielektroniki, ila korti itaangalia ulitengenezwa vipi, ulihifadhiwa vipi, na uadilifu wake ulilindwa vipi mpaka ukafika pale. Halafu kuna kifungu 106B ambacho kinataka cheti: hiki ni kitu gani, kilitolewa vipi, kwa kifaa gani, na kitiwe sahihi na mtu anayehusika na hicho kifaa. Kwa lugha ya mtaani, lazima kuwe na binadamu. Mtu mwenye jina na kitambulisho anayeweza kusimama aseme hii simu ni yangu, nilikuwa nimesimama hapa, nilirekodi saa hii, sijaigusa. Video inayozunguka bila mwenyewe ni yatima, na yatima kortini anasukumwa na kila mtu.

Si kwamba kopi ni takataka kabisa. Nimeona kopi ikisaidia wachunguzi kupata duka lenye CCTV, ama kumtambua shahidi aliyeonekana kwa nyuma akiwa amebeba ndoo. Baada ya 25 Juni 2024 wachunguzi wa BBC walichambua picha na video zaidi ya 5,000 kuonyesha ni nani waliowapiga risasi waandamanaji pale bungeni, na nyingi ya hizo zilikuwa zimerekodiwa na watu wa kawaida kabisa. Kwa hivyo inawezekana. Lakini hiyo ni siku moja, kamera mamia, mahali pamoja katikati ya jiji, na kikosi cha watu wanaolipwa kukaa kwa kompyuta miezi. Kijana wa mtaani anauawa kwa kichochoro saa tatu usiku na kuna simu moja, imeshikwa na mtu anayetetemeka, na taa ni ya kibanda.

Kuna kesi moja bado inaniuma. Kijana wa boda alirekodi yote, dakika nzima na zaidi, akatuma kwa grupu lao la stendi halafu akaogopa, maana usiku huohuo kulikuwa na watu wanaingia nyumba moja baada ya nyingine wakiuliza nani alikuwa na simu. Akafuta. Kwa usalama zaidi akaisafisha simu yote, baadaye akaiuza. Mimi nilimfikia siku ya tano. Siku ya tano! Nilikuwa na kesi nyingine mbili wiki hiyo, na nilidhani kwa kuwa video tayari ninayo kwa WhatsApp basi haraka haipo. Mimi mwenyewe, mtu ninayewafundisha wengine. Yule kijana simlaumu hata kidogo, alifanya kile mtu mwenye akili na mtoto mdogo nyumbani angefanya. Ile faili mpaka leo iko kwa uchunguzi.

Tuseme sasa una orijino, una shahidi, una cheti. Bado hujui nani alifyatua. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, Jedwali la 6, inasema afisa akiwa kwa yunifomu lazima awe na jina ama namba yake ya kazi mahali inaonekana. Hapo hapo imeandikwa kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria, na kwamba afisa asichezee ushahidi mahali pa tukio. Maneno mazuri. Sasa niambie mara ya mwisho umeona karao wa operesheni ya usiku amevaa jina lake ni lini. Anakuja na kofia imeshuka, kitambaa usoni, nguo za nyumbani, gari halina namba. Video yako ya ubora wa juu inaonyesha kwa ubora wa juu mgongo wa mtu.

Kwa hivyo unaenda wapi? Unaenda kwa daftari. Hiki ndicho ninachotaka watu waelewe hata kama mtasahau mengine yote. Kila stesheni ina OB, daftari la matukio, hiyo mnaijua. Lakini kuna rejista ya silaha pia, ile inayoandikwa bunduki namba fulani imetoka na afisa fulani, saa fulani, na risasi kadhaa, imerudi saa fulani na risasi kadhaa. Kuna orodha ya zamu, kuna daftari la gari limeenda wapi, kuna mazungumzo ya redio. Jina la aliyefyatua limekaa huko. Ukipata ganda la risasi na ukapata bunduki, mtaalamu wa balistiki anaweza kuvilinganisha, rejista inasema bunduki hiyo ilikuwa na nani, na hapo sasa video yako inapata miguu ya kusimamia. Kwenye inkwesti, yaani uchunguzi wa korti juu ya kifo, ya Rex Masai, kijana aliyepigwa risasi kwenye maandamano hapa mjini 20 Juni 2024, mtunza silaha aliitwa kortini kueleza kilichoandikwa kwa rejista. Hapo ndipo vita huwa. Watu wa mtandaoni wanabishana juu ya picha, huku ndani mawakili wanabishana juu ya mistari ya daftari.

Na hilo daftari linaandikwa na nani? Na wao wenyewe. Linakaa kabati la nani? Lao. Ganda la risasi linaokotwa na nani kwanza? Nimefika mahali pa tukio baada ya dakika arobaini nikakuta pameoshwa kwa maji. Nimeona watoto wakiwa na maganda mfukoni kama vitu vya kuchezea, na mtoto akikuletea ganda mkononi, kortini litakuwa na thamani gani? Afisa akiua ama akijeruhi mtu vibaya, IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, inafaa kujulishwa na kuanza uchunguzi wake, iko kwa sheria yao ya 2011, kifungu 25. Sitaki kuwasema vibaya kwa jumla, kuna wachunguzi pale ninaowajua wanafanya kazi kwa roho yote. Ila mchunguzi anapofika stesheni kuomba rejista ni mgeni anayebisha hodi kwa nyumba ya watu, na wenye nyumba wana usiku mzima wa kujipanga.

Habari ya posmotem nitaipitisha haraka ingawa inastahili makala yake. Familia itafute mwanapatholojia wake asimame kando ya yule wa serikali, waulize risasi ilitoka umbali gani, njia ya risasi mwilini, nguo zisitupwe wala kufuliwa. Tulipitisha sheria ya kuanzisha huduma huru ya makorona, maafisa wa kuchunguza vifo, 2017, na miaka ikapita ofisi yenyewe haijasimama, kwa hivyo bado tunategemea polisi kupeleka mwili, kuandika fomu, na kuleta mtu wa picha. Sehemu ngumu ni pale familia ni ya Kiislamu na wanataka kuzika leo hii, kama dini inavyosema, nami nimekaa kwa mkeka na yule mama najua tukizika bila posmotem kesi imepungua nusu. Nimewahi kusema, "Mama, naomba masaa machache tu." Akaniangalia, akaniambia, "Mwanangu, wewe unataka karatasi, mimi namtaka mtoto wangu apumzike." Tukazika saa kumi jioni. Sijui mpaka leo kama nilifaa hata kumwomba.

Najua mtu atasema naongea nadharia, kwa hivyo tuangalie kesi zinazojulikana. 31 Machi 2017, Eastleigh hapa Nairobi, mchana kweupe, mbele ya umati, vijana wawili walipigwa risasi na mtu aliyevaa kiraia wakiwa chini. Video ilifika kila mahali, mpaka nje ya nchi. Kama video ni kesi, hiyo ingekuwa kesi ya wiki mbili. Mashtaka ya mauaji dhidi ya afisa mmoja wa polisi yalikuja kuidhinishwa Novemba 2022. Miaka mitano na zaidi, na hapo ni kushtakiwa tu, naye aliyeshtakiwa ana haki zake kama mtu yeyote.

Linganisha na kesi ya wakili Willie Kimani. Alitekwa 23 Juni 2016 pamoja na mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri wakitoka korti ya Mavoko, na Mwenda alikuwa na makosa gani? Alikuwa amepigwa risasi na afisa akaenda kulalamika IPOA. Miili ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Hakuna video ya mauaji yale. Kulikuwa na karatasi ya chooni ambayo Kimani aliandika akiwa amefungiwa akairusha nje, mtu akaiokota, kulikuwa na data za simu zikionyesha nani alikuwa wapi saa ngapi, kulikuwa na maelezo ya mshukiwa mmoja aliyeeleza mpango wote. Julai 2022 maafisa watatu na mtoa habari wao wakapatikana na hatia, na Februari 2023 wakahukumiwa, mmoja hukumu ya kifo, wengine kati ya miaka 20 na 30. Kipande cha karatasi ya chooni kilichohifadhiwa vizuri kilifanya kazi ambayo video elfu zilizofowadiwa hazijafanya. Na ndiyo, ilichukua zaidi ya miaka sita, na wakili wa shirika kubwa, na chama cha mawakili kizima kikiandamana barabarani. Kijana wa mtaa wa Mathare hana chama.

Ama mtoto Samantha Pendo, miezi sita, Kisumu, Agosti 2017. Aliumizwa ndani ya nyumba yao wakati wa msako wa polisi baada ya uchaguzi, akafa siku chache baadaye. Ndani ya nyumba usiku hakuna mtu anarekodi. Kilichosogeza ile kesi ni wazazi waliokataa kunyamaza, inkwesti ambayo Februari 2019 ilisema polisi wanawajibika, na mwaka 2022 mashtaka ambayo yalienda mbali kuliko tulivyozoea, yakagusa hadi makamanda, kwa hoja kwamba mkubwa anabeba kile walio chini yake walifanya. Hiyo hoja mimi naiona ina uzito kuliko video yoyote, kwa sababu inauliza nani alipanga ile operesheni. Kamera inamwona aliyeshika rungu peke yake.

Sasa lazima niwe mkweli, kuna kesi inayonipinga. 17 Juni 2025 Boniface Kariuki, kijana aliyekuwa anauza barakoa mjini, alipigwa risasi kichwani kwa karibu sana, kamera zikiwa pale. Afisa alikamatwa haraka, Kariuki akafariki mwisho wa mwezi, na shtaka la mauaji likaja mwaka huohuo. Mtu ataniambia, si hiyo video imefanya kazi? Imefanya, sikatai. Lakini angalia ilikuwa video gani: mchana, katikati ya jiji, kamera za waandishi wa habari wenye majina na ofisi, afisa akiwa kwa yunifomu. Mengi ya yale niliyosema yanakosekana yalikuwepo. Nikikuonyesha kesi mia za mtaani hutapata hata tatu za namna hiyo.

Halafu kuna wale wanaoniambia suluhisho ni kamera za kifuani, kila karao avae, mambo yaishe. Washington DC walijaribu na maafisa zaidi ya 2,000, wengine na kamera wengine bila, na matokeo yaliyotolewa 2017 yalionyesha kwamba matumizi ya nguvu hayakubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Kwangu sababu iko wazi na ni ileile ya rejista. Kamera inawashwa na nani, kadi inakaa kabati gani, nani ana ufunguo? Unaongeza daftari lingine ndani ya nyumba ileile.

Nikiambiwa ni maafisa wachache wabaya huwa nauliza, huo uchache unaanzia mwaka gani? Polisi wa nchi hii wametokana na walinzi wa kampuni, Imperial British East Africa, kazi yao ilikuwa kulinda mali na njia za biashara, na jina Kenya Police lilipokuja 1920 kazi haikubadilika sana. 16 Machi 1922 watu walienda nje ya stesheni ya Nairobi kuomba Harry Thuku, mwanaharakati aliyepinga ukoloni, aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, wakapigwa risasi na yeye akafa hapo. Nje ya stesheni, wakiomba mtu aachiliwe. Nimesimama nje ya stesheni nikiomba mtu aachiliwe mara ambazo siwezi kuhesabu. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilikuwa vya risasi. Baada ya hapo tukapata katiba mpya, tukapata IPOA, tukapata jina jipya la huduma badala ya jeshi. Oktoba 2022 kikosi maalum cha polisi, SSU, kikavunjwa watu wakashangilia, nami nilishangilia, halafu 2024 vijana wakaanza kubebwa na magari yasiyo na namba. Ukitaka kujua kitu kilijengewa nini angalia madaftari yake yanasomwa na nani. OB inaandikwa ili mkubwa aone. Raia anapewa namba tu.

Hapa ndipo shaka yangu iko na sitaificha. Kila nikijaza faili vizuri, cheti, picha za ganda na rula pembeni, ramani niliyochora kwa mkono, naipeleka kwa mfumo uleule ninaosema umejengwa vibaya, naomba uwahukumu watu wake. Kuna wenzangu wanasema tunapoteza miaka, kwamba hukumu moja kila miaka sita inaufanya mfumo uonekane unafanya kazi, na kwamba nguvu hizo zingeenda kwa kupunguza sababu za vijana kukutana na karao kabisa: taa, kazi, mahali pa kucheza, watu wa mtaa kusuluhisha ugomvi wao. Siwezi kusema wamekosea. Wakati mwingine nawaamini usiku na asubuhi naamka naenda mochari. Kituo cha haki cha Mathare kilipotoa ripoti yake 2017 juu ya vijana waliouawa pale, kesi baada ya kesi na majina, wengi wa hao hawakuwa na faili popote duniani isipokuwa pale. Hiyo peke yake inanitosha kuendelea, lakini sitadanganya mtu kwamba inatosha.

Shaka nyingine ni ya mashahidi. Nimesema lazima kuwe na binadamu nyuma ya video. Huyo binadamu anakaa nyumba ya mabati mita mia mbili kutoka kwa wale aliowarekodi. Kuna shirika la ulinzi wa mashahidi, lipo, lina sheria tangu 2006, lakini kumhamisha mtu kunamtoa kwa kazi yake na shule ya watoto, na Mwenda alikuwa mlalamishi aliyefuata njia zote halali, na bado akauawa. Kwa hivyo nikikuambia weka orijino na ujitokeze, najua ninachokuomba. Ukikataa hutasikia neno baya kutoka kwangu.

Ila kama utakubali, basi fanya hivi. Usikate, usiweke wimbo, usiandike chochote juu yake. Acha iendelee kurekodi hata baada ya milio kuisha, zungusha simu uonyeshe majengo, duka, nguzo ya stima, kitu kitakachosema hapa ni wapi. Ukilazimika kutuma, tuma kama faili ya dokumenti isibanwe, kwa mtu mmoja unayemwamini, na orijino ibaki kwa simu. Simu usiiuze, hata kama skrini imepasuka. Usitaje jina la aliyerekodi kwa grupu lolote. Halafu chukua kalamu, na hapa watu wananiona mzee wa zamani, uandike kwa karatasi: saa, mahali, nani alikuwepo, walikuja na gari gani, walisema nini, walienda upande gani. Usiku huohuo, kabla hujaongea na watu kumi na kumbukumbu zenu kuchanganyika.

Yule mama wa ujumbe niliokuwa nangoja usiku ana kitabu cha shule cha kurasa themanini na nane, alikitoa kwa begi la mtoto wake mwenyewe, kurasa za mbele bado zina hesabu za kijana kwa mwandiko wake. Kuanzia katikati ni mwandiko wa mama. Kila siku aliyoenda stesheni, aliongea na nani dirishani, aliambiwa arudi lini, namba ya OB aliyopewa mara ya kwanza na ile tofauti aliyopewa mara ya pili kwa tukio lilelile. Hizo namba mbili zimeandikwa siku mbili tofauti, na daftari lao linadai ni moja. Ujumbe wake ulifika saa tisa na robo: "Nimepata ukurasa. Nakuja nao korti Jumatano."